Ushahidi na Mazoea: Karatasi katika Ofisi ya Biashara Ndogo

Mazungumzo kwa wafanyabiashara wadogo, yanayochapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti



Mada ya leo ni karatasi. Ni jambo linaloonekana dogo mpaka mtu ahesabu. Chukueni mfano wa duka la vifaa vya ujenzi, la aina inayopatikana katika kila mji wa kaunti hii: nyuma ya kaunta kuna chumba chenye meza moja, printa, kabati la chuma lisilofungika vizuri na maboksi ya faili yaliyopangwa mpaka dirishani. Fundi anakuja kuagiza mifuko ishirini ya simenti na nondo kadhaa. Karani anachapisha makadirio ya bei. Fundi anaomba apunguziwe kidogo, makadirio yanachapishwa upya. Wakikubaliana, ankara inatoka mara mbili, moja ya mteja na moja ya duka. Pesa zikiingia, risiti. Mzigo ukiondoka, hati ya kupelekea mzigo yenye nakala tatu: ya dereva, ya mteja na ya faili. Ujumbe wa M-Pesa unanakiliwa kwa biro katika daftari, ingawa umo kwenye simu. Jioni karani anachapisha orodha ya mauzo ya siku, ambayo tayari iko kwenye kompyuta, mwenye duka anaitazama kwa dakika moja, anatia sahihi na kuifungia kwenye faili. Simenti imekwenda na karatasi zisizopungua tisa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Karatasi moja ya kawaida ya ukubwa wa A4, ile ya gramu 80 kwa mita mraba, ina uzito wa gramu 5. Rimu moja ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Ofisi inayotumia karatasi 40 kwa siku, siku sita kwa wiki, itamaliza mwaka ikiwa imetumia karatasi 12,480, yaani karibu rimu 25, zenye uzito wa kilo 62. Huo ni uzito wa mtu mzima, na hesabu hiyo haijagusa wino, stima, vitabu vya risiti wala mshahara wa saa ambazo karani hutumia kutafuta ankara ya mwezi wa tatu ndani ya boksi la mwezi wa saba. Kila mwenye biashara anajua bei ya rimu katika duka analonunulia. Azidishe mwenyewe.

Ushauri unaotolewa mara nyingi kwa ofisi ni kuchapisha pande mbili za karatasi. Ni ushauri mzuri kwa wakili au shule, wanaochapisha kurasa nyingi kwa mpigo. Kwa duka haufui dafu, kwa sababu karibu kila hati ya duka ni ya ukurasa mmoja, tena nyingine ni nusu ukurasa tu na nafasi tupu chini. Hapo dawa ni ndogo zaidi: karatasi ya A4 ikikatwa katikati hutoa A5 mbili, na hati ya kupelekea mzigo yenye mistari mitano inaenea humo bila shida. Printa nyingi hukubali kuwekewa ukubwa huo. Duka ambalo nusu ya karatasi zake ni hati fupi za aina hiyo litaokoa robo ya rimu zake bila kununua kifaa chochote.

Lakini akiba kubwa haipatikani kwenye printa. Ipo katika swali ambalo karani haulizwi: karatasi hii inachapishwa kwa nini? Karibu kila karatasi ya ofisi ndogo ilizaliwa na shaka. Mwenye duka alishuku kwamba mauzo hayakuandikwa yote, akaagiza orodha ya kila jioni. Mteja alikana kwamba alipokea mifuko ishirini, zikaongezwa nakala tatu. Shaka hizo zilikuwa za haki. Tatizo ni kwamba karatasi hubaki hata pale ambapo shaka yenyewe imeshapata jibu lingine, na baada ya miaka michache hakuna anayekumbuka ilianza vipi. Hivyo ofisi huwa na aina mbili za karatasi zilizochanganyika ndani ya faili moja: za ushahidi na za mazoea. Kazi ya kupunguza ni kazi ya kuzitenganisha, na anayeifanya ovyo anaweza kutupa ushahidi akabaki na mazoea.

Sheria inasaidia katika kuzitenganisha. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 inamtaka mlipa ushuru atunze rekodi zake kwa miaka mitano tangu mwisho wa kipindi kinachohusika, na inakubali rekodi hizo ziwe za kielektroniki. Mkazi anayehifadhi ankara za mwaka mzima katika maboksi kwa hofu ya kukaguliwa ana haki ya kuhifadhi. Ila asidhani kwamba ni karatasi tu inayotambuliwa. Tena Sheria ya Fedha ya 2023 iliwataka wafanyabiashara watoe ankara za kielektroniki kupitia mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru, KRA, na tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya aina hiyo haikubaliwi katika hesabu ya ushuru, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria. Mfanyabiashara asiye na kompyuta anaweza kuifikia huduma hiyo kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza *222#, na mwenye intaneti akapitia eCitizen.

Maana yake kwa karatasi ni hii. Ankara ya eTIMS ikishatolewa, KRA tayari inayo. Ina alama ya QR ambayo mnunuzi anaweza kuikagua kwa simu yake ajue kama ni ya kweli. Karatasi inayochapishwa baadaye ni nakala ya kitu kilichokwisha kuandikwa mahali pengine, na mteja anayetumia WhatsApp au baruapepe hana haja nayo. Maduka mengi yaliongeza eTIMS juu ya kitabu cha zamani cha risiti badala ya kuondoa kitabu, kwa hiyo karani sasa anaandika mauzo yale yale mara tatu. Huo ndio uchapishaji wa kwanza wa kukomeshwa: kila kitu ambacho tayari kipo katika mfumo na kinaweza kupatikana humo siku yoyote. Orodha ya jioni imo humo. Taarifa ya malipo ya M-Pesa imo pia, kwa sababu mwenye namba ya kulipia anaweza kuipata kwa simu au mtandaoni ikiwa kamili, na daftari la kunakili jumbe kwa biro halimwongezei ulinzi wowote. Mtu akionyesha ujumbe bandia wa malipo, atakayemwokoa mwenye duka ni simu yake mwenyewe iliyopokea pesa au ikakosa kupokea.

Risiti ndogo laini, zile zinazotoka kwenye mashine kama utepe, zinahitaji kutajwa peke yake, kwa sababu ndizo zinazoaminiwa kuliko zinavyostahili. Karatasi yake haitumii wino. Imepakwa kemikali inayobadilika rangi inapopata joto, na ndiyo maana mashine yake haihitaji katriji. Ila kile kinachoandika ndicho kinachofuta: mwanga wa jua hufifisha maandishi, na joto la dashibodi ya gari linaweza kuigeuza risiti nzima kuwa nyeusi. Mwenye biashara aliyeweka risiti za mafuta na za jumla katika bahasha kwa miaka mitatu anaweza kuifungua akute vikaratasi vyeupe visivyosema lolote. Risiti ya aina hiyo ipigwe picha siku ile ile, ikiwa bado inasomeka. Tena karatasi hiyo isichanganywe na karatasi nyeupe za kuuzwa kwa wakusanyaji, kwa kuwa kemikali zake huharibu mzigo.

Zipo karatasi ambazo hazifai kuguswa. Hati miliki, mkataba wa kukodi chumba wenye sahihi na mihuri, hundi, cheti cha usajili: asili zake zikae mahali pakavu penye kufuli. Mkataba wa mfanyakazi nao uko katika kundi hilo. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na mwajiri atunze maelezo ya ajira hiyo kwa miaka mitano baada ya mfanyakazi kuondoka. Hata daftari la madeni, ambalo vijana hulicheka, lina kazi yake katika duka ambalo wateja wake wengi hukopa na hawatumii baruapepe. Mteja akiona jina lake limeandikwa na mkono wake mwenyewe ukatia sahihi, mjadala huwa mfupi.

Vivyo hivyo kwa hati ya kupelekea mzigo. Sahihi ya aliyepokea mifuko ishirini kwenye eneo la ujenzi ina thamani, hasa pale ambapo aliyeagiza ni mwenye nyumba na aliyepokea ni mlinzi wa zamu. Lakini sahihi moja inatosha. Dereva anaweza kubeba karatasi moja, ikatiwa sahihi, akaipiga picha na kumtumia mteja hapo hapo, kisha akairudisha dukani. Nakala tatu zinakuwa moja, na mteja anapata yake kabla gari halijageuka.

Hapa wengi huuliza kama picha ya simu inakubalika mahakamani. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inatambua rekodi za kielektroniki, lakini kwa masharti: kifungu cha 106B kinataka rekodi hiyo iambatane na cheti kilichotiwa sahihi na mtu anayehusika na kifaa au na shughuli hizo, kikieleza rekodi ilivyotengenezwa na kifaa kilichotumika. Kwa hiyo mwenye duka anayetegemea mazungumzo ya WhatsApp kuthibitisha deni asiyafute baada ya kuyapiga picha, wala asiuze simu ile deni likiwa bado linabishaniwa. Picha ya skrini peke yake, bila maelezo ya ilikotoka, hupingwa kwa urahisi.

Kuna tatizo ambalo washauri wa ofisi zisizo na karatasi hulipita haraka, nalo ni simu kuibiwa. Duka lililohamisha kila kitu kutoka faili kwenda kwenye simu moja ya mwenye duka halijapunguza hatari. Limeikusanya mfukoni mwa mtu mmoja anayepanda bodaboda. Maboksi ya faili yana ubaya wake, mvua huyalowesha na mchwa huyala, lakini hakuna mwizi anayekimbia nayo. Basi sharti ni kwamba kila rekodi ikae mahali pawili, na mahali pamoja pasiwe ndani ya duka: katika hifadhi ya mtandaoni inayofunguliwa kwa baruapepe ya biashara, na katika flashi inayokaa nyumbani. Karani ahamishe rekodi siku moja maalumu ya wiki, kwa mfano Jumamosi kabla ya kufunga. Baruapepe yenyewe iwe ya biashara, wala si ya karani binafsi, maana karani akihama ataondoka na miaka yote ya ankara, na hata akiwa mwaminifu kiasi gani, kumpigia simu kila mara kumwomba neno la siri ni adha.

Majina ya faili nayo yanahitaji nidhamu. Kompyuta iliyojaa faili zinazoitwa “ankara mpya”, “ankara mpya 2” na “ankara ya mwisho kabisa” ni boksi lile lile la zamani, ila halionekani. Jina likianza na mwaka, kisha mwezi, siku, jina la mteja na aina ya hati, faili hujipanga zenyewe kwa tarehe, na ankara hupatikana kabla mkaguzi hajamaliza chai. Mtu anayeweza kupata hati kwenye kompyuta haichapishi “kwa usalama”. Asiyeweza kuipata huichapisha mara mbili.

Wafanyabiashara wengi hawana printa, hutumia saiba. Hapo karatasi ni chache lakini hatari ni nyingine. Mtu humtumia kijana wa saiba kitambulisho, PIN ya KRA na taarifa ya benki kupitia WhatsApp, zinachapishwa, analipa shilingi kumi kumi na kuondoka, na hati zake zote zinabaki kwenye simu na kompyuta ya saiba pamoja na za wateja wengine mia. Kabla ya kuondoka ni haki yake kuomba zifutwe akiona kwa macho yake. Ni vyema pia ajiulize kama kilichochapishwa kilihitaji kuchapishwa, kwa kuwa hati aliyoipokea kwa simu mara nyingi inaweza kutumwa kwa simu hiyo hiyo kule inakotakiwa.

Swali linalofuata ni la haki, na wakazi huliuliza mara kwa mara: mbona ofisi za umma ndizo zinazoongoza kwa kudai karatasi? Ni kweli kwamba madirisha mengi ya serikali, ya kitaifa na ya kaunti, bado humwambia mkazi alete fotokopi ya kitambulisho, fotokopi ya PIN na fotokopi ya leseni ambayo ofisi hiyo hiyo ndiyo iliyoitoa. Haifai kumhimiza mwenye kinyozi aokoe rimu moja huku akitumwa fotokopi kila anapofika dirishani. Mkazi anayeombwa nakala ya hati iliyotolewa na ofisi hiyo hiyo anaweza kuuliza, kwa heshima, ni sheria au kanuni gani inayoitaka, na kama namba ya hati haitoshi. Mara nyingine jibu litakuwa kwamba inahitajika kweli. Mara nyingine karani wa dirisha ataangalia huku na huku na kuiandika namba. Hata katika ofisi ya umma kuna karatasi za mazoea, na zenyewe hazitaondoka bila kuulizwa.

Swali hilo hilo liwaguse wafanyabiashara wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zichukuliwe kwa kiwango kinachohitajika tu kwa shughuli inayohusika. Duka linaloomba fotokopi ya kitambulisho kwa kila anayenunua kwa mkopo mdogo, kisha likazirundika katika boksi lisilo na kifuniko, linabeba mzigo ambao haliwezi kuulinda. Kuandika jina na namba ya simu kunaweza kutosha, na boksi hilo likawa halipo.

Ni boksi hilo linaloleta habari ya njugu. Kila mkazi amewahi kununua njugu au mandazi yaliyofungwa katika karatasi ya ofisi, na wengi wamewahi kuifungua na kusoma: mtihani wa darasa la sita, orodha ya mishahara, fomu ya mkopo yenye jina kamili, namba ya kitambulisho na namba ya simu ya mtu anayeishi mtaa wa pili. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 28, 2017, vifungashio vya karatasi vimekuwa na soko, na karani anayetoa rundo la karatasi za zamani kwa mama wa njugu anadhani anatenda wema na kutunza mazingira kwa pamoja. Wino wa printa haukutengenezwa ili ugusane na chakula cha moto chenye mafuta, na mwenye jina lile hakuombwa ruhusa. Karatasi za ofisi zisiende huko.

Ziende wapi? Upande wa pili ulio mtupu utumike kwanza: karatasi zilizoharibika printani zikikatwa na kubanwa kwa stapla huwa daftari la kuandikia oda za simu, mradi tu hazina taarifa za mtu. Zinazobaki zitengwe. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka ofisi za umma na za binafsi zitenganishe taka zinazooza, kama mabaki ya chakula na maganda, na zile zisizo za aina hiyo. Karatasi hukaa upande wa taka kavu, na iwekwe katika boksi lake, mbali na kikombe cha chai. Wakusanyaji huinunua kwa kilo, nyeupe na safi kwa bei nzuri kuliko iliyochanganywa, nayo huishia kuwa karatasi ya shashi au trei za mayai. Iliyolowa au kuingia mafuta haina mnunuzi. Nchi hii iliwahi kuwa na kiwanda kikubwa cha karatasi kule Webuye, Pan Paper, kilichosimamisha kazi mwaka 2009, na wakazi wa mji ule wanakumbuka kwamba karatasi huanza na mti, maji mengi na ajira za watu, kabla haijawa orodha ya mauzo inayosomwa kwa dakika moja jioni.

Kuhusu maboksi ya zamani, mwenye duka asikimbilie kiberiti. Kwa yule ambaye mwaka wake wa hesabu huisha Desemba 31, rekodi za ushuru za mwaka 2019 zilitimiza miaka mitano mwisho wa 2024, na za 2020 mwisho wa 2025. Lakini ikiwa kuna mzozo na KRA au kesi inayoendelea kuhusu mwaka fulani, rekodi za mwaka huo zikae mpaka jambo liishe, hata miaka mitano ikiwa imepita. Zilizobaki zipitiwe na watu wawili, mwenye duka na karani, karatasi kwa karatasi: mikataba, hati za ardhi na madeni ambayo hayajalipwa yatolewe kwanza. Kisha sehemu yenye jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu ichanwe vipande vidogo kwa mkono, na zinazobaki zipimwe mizani zikiwa bado kavu.